Msiba Usio na Watani

Ninyi vijana mnaoanza kazi ya kupokea wageni wa misheni, mlikuja kwangu juzi na adabu tele, shikamoo bibi, shikamoo bibi, halafu mmoja wenu akauliza kama sisi wa zamani tulifundishwa chochote au tulikuwa tunakwenda tu. Swali lile lilinichoma. Nilijibu palepale kwa mdomo, lakini niliona wengine mnasinzia, basi leo najibu kwa kalamu. Kalamu haina haja ya kuwapigia makofi muamke.

Mimi ni Damari, Mgogo wa ubavuni mwa Mpwapwa. Kazi yangu enzi zote za Mdachi, na miaka mingi baada yake, ilikuwa kuwapokea watu waliofika misheni wakiwa hawana mbele wala nyuma, hasa wanawake na watoto wao. Wazungu waliipa kazi hiyo jina refu la kwao ambalo sikuwahi kulitamka sawasawa. Sisi tuliiita mlango. Mtu akiuliza, "Damari yuko wapi?" anajibiwa, "Yuko mlangoni," na kila mtu anaelewa. Nilikaa mlangoni mpaka magoti yakagoma, na nasema waziwazi kwamba naringa kwa kazi hiyo. Anayetaka unyenyekevu akautafute kwa mwingine.

Nilianzia Mpwapwa, kisha reli ilipofika Dodoma tukahamishiwa huko. Dodoma ilikuwa tembe chache za watu na mifugo yao, na vumbi. Reli ikaigeuza ndani ya muda mfupi. Walikuja Wanyamwezi na Wasukuma wenye sururu mabegani, Wamanyema, Wahehe waliochoka na vita vyao, Warangi wa Kondoa na asali zao, Wahindi wakafungua maduka, Wagiriki wakasimamia tuta la reli kwa matusi ya lugha tatu, na askari wa boma wakazunguka na kiboko. Walikuja pia watu wa kusini waliokimbia vita, na njaa iliyofuata vita. Hao walifika miguu imepasuka na hawataki kusema wametoka wapi. Kiswahili hakikuwa cha mtu yeyote kati yetu. Wote tulikiazima, na kila mmoja alikirudisha kimepinda kwa namna yake.

Misheni yetu ilikuwa tembe ndefu pembeni mwa mji, paa la udongo, uwanja katikati. Upande mmoja waliishi Padre na mkewe, upande mwingine ni nyumba ya wageni. Mlangoni tulikuwa wawili, mimi na Mama Raheli.

Huyo Mama Raheli ndiye chuo changu. Mwanamke mfupi, mweusi wa kung'aa, mdomo wake haukuwa na mlango. Alikuwa Mgogo kama mimi, alibatizwa akiwa mtu mzima, na alisema Mungu alimchukua pamoja na mdomo wake kwa sababu hakutaka kumtenganisha na kitu anachokipenda. Alinifundisha kwamba mgeni hapewi swali kabla ya maji. Akishakunywa, usimwulize jina. Mwulize mtoto amelala vizuri njiani, au mwulize mguu unauma upande gani. Jina atakupa mwenyewe akitaka, na la kwanza atakalokupa huenda si lake. Usilipeleke kwa Padre siku hiyohiyo.

Alinifundisha pia kumpa mgeni unga, si ugali. Hili mlishike, maana naona siku hizi mnawapakulia. Mtu aliyekimbia anaogopa chungu asichokijua. Mpe unga mkavu, kuni na mafiga yake matatu, akasonge mwenyewe. Atakula. Tena akishakoka moto wake hapo uwanjani, hiyo nyumba imeanza kuwa yake.

Mimi nilijifanya mjanja nikavunja sharti hilo. Wasukuma fulani walituletea samaki wakavu kutoka ziwani, mzigo mzima, na mimi nikaona nizawadie darasa la wachunga ng'ombe wa kwetu waliokuwa wameanza kuja kusikiliza Neno. Niliwapikia mwenyewe, na bizari ya kununua kwa Mhindi. Wagogo wale, watu wa maziwa na mlenda, wakafunua chungu wakaona vile vichwa na macho. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, "Binti, hawa nyoka mmewaua wapi?" Wakaaga vizuri, wakashika mikuki yao, na darasa likafa mpaka mvua za mwaka uliofuata. Mama Raheli hakunikemea. Alikula samaki wote pamoja na Wasukuma, na kila alipofika mahali akasimulia.

Sasa nije kwenye utani, kwa sababu humo ndimo lilimo jambo ninalotaka mlijue.

Mnajua sisi na Wanyamwezi ni watani. Zamani misafara yao ilikatiza kwetu kwenda pwani na pembe, na babu zetu waliwatoza hongo, ushuru wa nguo, ili wanywe maji. Walipigana sana. Walipochoka kupigana, wakawa watani. Mtani anaweza kuingia kwako akachukua kuku, akakuita mtumwa wake, akasema baba yako alizaliwa porini, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika unatozwa. Na ukifa, mtani ndiye wa kwanza kufika. Anachimba kaburi, anakataa kutoka shimoni mpaka apewe kitu, anavaa nguo zako na kuigiza mwendo wako mbele ya waliofiwa mpaka wacheke. Wakicheka ndipo wanapolia vizuri, na wakilia vizuri ndipo wanapokula. Msiba usiofikiwa na watani ni msiba wa mtu asiye na watu.

Mama Raheli aliufanya utani kuwa kazi. Akija Mnyamwezi amechoka, kichwa chini, Raheli anasimama katikati ya mlango na mikono kiunoni. "Maji ya Ugogo hayanywewi bure. Hongo yangu iko wapi?" Na yule mtu aliyekuwa karibu kuanguka anainua kichwa, anatafuta jibu. "Nikulipe nini, wewe unayejipaka samli? Nenda kaoge kwanza." Hapo amepona nusu. Nimeliona hilo mara nyingi kuliko nilivyoona mvua. Hata akija mtu wa kabila lingine, Raheli aliuliza watani wake ni akina nani, kisha akatuma watafutwe katika mahema ya reli. Mtani anakuja, anamtukana, anamchukua kwake. Padre alidhani tuna neema ya pekee ya kuwapatia watu makazi.

Basi siku moja ikafika treni ya mizigo na ndani yake kundi la Wanyamwezi wakiimba. Walipita kwetu kunywa maji. Katikati yao alikuwako mtu mrefu wa makamo, kichwani amebeba sanduku la mbao, anaimba nao wimbo wao neno kwa neno. Mama Raheli akamchagua huyo kwa sababu ya urefu wake. Akamzuia mlangoni akasema, "Mtumwa wangu, umechelewa. Tua sanduku hilo nikukague meno."

Wanyamwezi wakaangua kicheko. Yule mtu akatua sanduku polepole, akasema, "Mama, nilikaguliwa meno nikiwa mtoto. Sikujua nitakaguliwa tena mlangoni kwa watu wa Mungu."

Hakuwa Mnyamwezi. Wimbo alijifunza ndani ya treni. Alikuwa Feruzi, fundi seremala, aliyekombolewa utumwani na kulelewa na misheni ya pwani, na Padre wetu alikuwa amemwomba aje kututengenezea milango na madirisha. Alichukuliwa ng'ambo ya ziwa akiwa mdogo mno, hata hajui kijiji chake wala lugha ya mama yake. Hilo jina Feruzi alipewa na aliyemnunua.

Aliinua sanduku lake akarudi stesheni, akakaa chini kungoja treni ya kurudi. Padre alimfuata mwenyewe kwa miguu. Mama Raheli alikwenda nyuma yake, na pale stesheni, mbele ya Wahindi na askari, alipiga magoti vumbini. Sikuwahi kumwona mwanamke yule akikosa neno, lakini siku hiyo alilikosa. Feruzi alimwinua. Alirudi naye, na akakaa nasi maisha yake yote.

Padre akatukusanya, akasema kuanzia sasa hapana utani katika uwanja huu. Msije mkasema mzungu hakuelewa mila. Alielewa vizuri sana, na mimi nilikubaliana naye. Neno lile kwetu lilikuwa mchezo kwa sababu hatukuwahi kufungwa mnyororo. Lakini katika uwanja ule walikuwamo wengi waliofungwa. Mama Raheli akaapa mbele ya meza ya Bwana kwamba hatatania tena, na hakutania. Feruzi naye hakumwekea kinyongo, tena baadaye akafanywa mzee wa kanisa, na neno lake kuhusu uwanja ule likawa ndilo neno.

Ila kazi ya mlango ikapoa. Tuliwapa watu maji, tukawapa unga, wakasema ahsante. Tuliwafundisha nyimbo. Hapo nitajisifu kidogo: mimi ndiye niliyegundua kwamba darasa lenye lugha tisa hulianzishi kwa maneno, unalianzisha kwa kuguna sauti peke yake, siku nzima ikibidi, mpaka sauti iwe ya wote, ndipo unaweka neno moja moja juu yake. Wahehe na watu wa kusini waliokuwa hawataki hata kutazamana waliguna pamoja kabla hawajajua wanaguna nini. Kwaya yetu ilisikika mpaka mashamba ya Ipagala. Lakini vichwa vya wageni vilibaki chini muda mrefu kuliko zamani.

Ndipo akaja Kalunde.

Aliletwa na mumewe, Masanja, Mnyamwezi wa kundi la reli. Masanja alikuwa msemaji. Kabla ya kusema lolote alikohoa mara kadhaa kama mtemi, na mguu wake wa kushoto aliuburuta kidogo, akidai uliumizwa na tembo. Tulimpenda. Reli iliposonga mbele kuelekea Kilimatinde, kundi lake lote likaondoka nayo, yeye akabaki kwetu kwa sababu ya homa. Kalunde alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Homa ile haikumwacha Masanja. Alikufa alasiri, tukamzika jioni ileile kwa haraka kwa sababu ya joto. Padre alisoma, sisi tukaimba wimbo wa taratibu, tukarudi nyumbani. Yalikuwa mazishi ya heshima.

Kalunde akaingia ndani, akakaa ameelekea ukuta. Hakulia. Unga tuliompa ulibaki ulivyo. Tukavunja sharti tukampikia, chakula kikapoa. Mke wa Padre alikuja na maziwa ya mbuzi akamnywesha mtoto kwa kijiko, nusu yakamwagika. Maziwa ya Kalunde yalikauka. Mtoto alilia mno siku za kwanza, kisha akaacha kulia, na ninyi mliolea mnajua kwamba mtoto wa namna hiyo akinyamaza, hapo ndipo pa kuogopa.

Nilikaa karibu naye nikamsihi kwa Kiswahili, nikamsihi kwa maneno machache ya kwao niliyoyajua. Hakugeuka. Alisema mara moja tu, akiuambia ukuta, "Mume wangu amezikwa kama mtu asiye na watu."

Nilielewa papo hapo. Wenzake wote walikuwa mbele na reli, na sisi watani wake, Wagogo, tulisimama kaburini tumekunja mikono, tukaimba taratibu, tukaondoka. Hakuna aliyeruka shimoni. Hakuna aliyemtukana. Kwa macho ya Kalunde, tulimtupa.

Nikaenda kwa Mama Raheli. Alikuwa anapepeta mtama, hakuacha kupepeta. "Mimi niliapa," akasema. "Najua unalolitaka, na unajua niliapa."

"Mimi sikuapa, mama."

"Basi usiniulize mimi. Kamwulize aliyeumizwa."

Nilipitia kwa Padre kwanza, maana sikutaka aseme nimemzunguka. Alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na mtoto yule akilini, hakulala vizuri usiku wa jana yake, ilionekana machoni. Akaniambia, "Damari, mimi ningekuruhusu sasa hivi. Lakini jeraha si langu. Akisema Mzee Feruzi ndiyo, ni ndiyo."

Mzee Feruzi nilimkuta uwanjani anapiga randa. Nilimsalimu, akajibu, nikamweleza yote. Akaendelea na randa yake, taka za mbao zikianguka miguuni.

"Mwalimu," akasema, kwa maana aliniita Mwalimu siku zote, hakuzoeana na mtu. "Hakuna namna ya kumfariji mtu bila kumtukana?"

"Tumejaribu nyingine zote."

"Umemwimbia?"

"Nimeimba mpaka sauti imekwisha. Mzee, mtoto ameacha kulia."

Randa ikasimama. "Lile neno halitasemwa," akasema. "Yapo mengine?"

"Yapo mengi mno."

"Nitakuja nisimame mlangoni. Nikiona haya si mambo ya Kikristo, nitainua mkono, nawe utaacha."

Nilikubali. Akiinua mkono, Kalunde angebaki na ukuta wake na mtoto angekufa, na mimi ningekuwa mwanamke wa misheni aliyekwenda kumtukana mjane mbele ya watu.

Nilichukua koti la Masanja, lililokuwa la Mgiriki mmoja, kubwa mno, mfuko mmoja umechanika. Nikalivaa. Nikashika fimbo yake. Nyumbani mle walikuwamo wanawake wengine, Mhehe, Mmanyema, mama mmoja wa kusini na binti zake, wote wamekaa kimya kuzunguka ule msiba. Nikaingia mguu wa kushoto nikiuburuta. Nikasimama. Nikakohoa, nikakohoa tena, nikakohoa mara ya tatu.

"Nyie watu," nikasema kwa sauti ya Masanja, "tembo yule alikuwa mkubwa kuliko treni."

Mama wa kusini akafunika uso. Kalunde hakugeuka, lakini bega lake lilistuka.

Nikarudi kuwa Mgogo. "Nani alimruhusu Mnyamwezi huyu alale katika ardhi ya babu zangu bila hongo? Alipokuwa hai alikunywa maji yetu bure, sasa amekufa, anakalia shamba letu la uwele. Mfukueni. Mtwikeni mzigo aende kwao, hata maiti ya Kinyamwezi haiwezi kwenda mikono mitupu."

Hakuna aliyecheka. Nilitupa jicho mlangoni. Mzee Feruzi alikuwa amesimama, mikono yake yote miwili iko chini. Nikaendelea. Nikajilaza sakafuni nikakataa kuinuka mpaka nipewe kuku. Nikachungulia chungu cha Kalunde, nikalalamika kwamba Wanyamwezi hata msibani ni wachoyo. Jasho lilinitoka ndani ya koti lile. Nilianza kuona sitaweza, nikakumbuka kisa kimoja.

"Na huyu marehemu mwongo," nikasema. "Alikuwa anatuambia alibeba pembe peke yake kutoka Tabora mpaka pwani. Mimi kwa macho yangu nilimwona kisimani anashindwa kumtwisha mkewe mtungi."

Ndipo sauti ikatoka ukutani, imekwaruza, sauti ya mtu ambaye hajaitumia siku nyingi.

"Mtungi ulikuwa mkubwa."

"Mtungi ulikuwa wa mtoto," nikasema.

Kalunde akageuka. Uso umekauka, macho mekundu. "Mtungi ulikuwa mkubwa, mwongo wewe. Na vua koti la mume wangu kabla halijanuka samli, mtumwa mkubwa wewe."

Wote waliojua habari ya neno lile wakageuka kumtazama Feruzi mlangoni. Mimi nilibaki mkono mmoja ndani ya koti, mmoja nje. Mke wa Padre, aliyekuwa nyuma ya Feruzi, aliweka mkono mdomoni. Nilitaka kunyamaza, nilitaka kumwomba Feruzi radhi kwa niaba ya mjane, lakini kicheko kikanishinda. Nilicheka kwa furaha, jamani. Mtu aliyekuwa anakufa alikuwa amenitukana. Nilicheka mpaka nikakaa chini na koti langu nusu.

Feruzi alinitazama mimi, akamtazama Kalunde. Mkono wake haukuinuka. Akasema polepole, kama anayejisemea, "Mwacheni aseme. Anayeitwa hivyo ndiye anayecheka."

Kalunde naye akacheka, kicheko kifupi kibaya, kikageuka kilio. Alilia kwa sauti, kilio cha kwao chenye jina la mumewe na majina ya baba zake. Mhehe akaanza kulia, mama wa kusini akaanza, kila mmoja kwa wafu wake ambao hawakuliliwa njiani. Mimi nilimlilia Masanja, maana nilimpenda mwongo yule. Jua lilipoanza kuteremka Kalunde aliomba unga. Hakuomba uji uliopikwa, aliomba unga. Akakoka moto wake mwenyewe uwanjani, mtoto mgongoni, akasonga.

Maziwa hayakurudi mara moja. Tulimlisha Kalunde uji mwepesi na karanga, mke wa Padre akaendelea na kijiko chake na mbuzi wake, na wanawake wale wakagawana kumbeba mtoto. Siku aliyolia tena kwa nguvu, akamwamsha Padre kutoka usingizi wa mchana, Padre alitoka nje amevaa kiatu kimoja, akasimama anamsikiliza huku anatabasamu. Mtoto yule sasa ni baba wa watu. Nikimwona napita naye nikijidai, kana kwamba nilimzaa.

Tulipomaliza matanga, Kalunde alipika. Tulikaa wote uwanjani, Mama Raheli pia, ingawa alikaa mbali kidogo. Mzee Feruzi alikuwa anamalizia mlango mpya wa nyumba ya wageni, na alikuja kula akiwa bado ameshika randa. Alikula kidogo. Kisha akasema bila kumtazama mtu, "Mimi siku nikifa, nani atavaa koti langu?"

Mama Raheli aliinamisha kichwa. Tungejibu nini? Utani unakwenda kwa kabila, na mtu yule kabila lake liliachwa ng'ambo ya ziwa na watu waliomfunga.

Kalunde ndiye aliyeweka kibakuli chini. "Mzee, kwani kwenu ni wapi?"

"Sijui, mama."

"Hapo unakula nini?"

"Ugali wa uwele na mlenda."

"Maji unakunywa ya wapi?"

"Ya kisima hicho."

"Na nyumba hii umeijenga wewe."

"Milango na madirisha, ndiyo."

Kalunde akamtazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, kama anayetazama mbuzi sokoni kabla ya kumkataa. "Kumbe ni Mgogo," akasema. "Na mimi siku zote hizi nilidhani nakaa na mtu wa heshima. Mgogo gani huna hata ndama mmoja? Masikio mazima kama ya mtoto, hujayatoboa. Mrefu hivi, na kazi yako kukwangua miti. Babu zako walitunyang'anya nguo kwa ajili ya maji machafu, na wewe hapo unakula chakula cha Mnyamwezi bila hata kusema kimeiva. Lete hongo yetu tuliyowapa, mzee, au nakuchukulia hiyo randa."

Mama Raheli aliinua kichwa. Watu wote uwanjani walimtazama Mzee Feruzi. Aliketi wima, randa mkononi, midomo inacheza. Mtani akitukanwa lazima ajibu, hilo hata watoto walilijua, na yeye hakuwa na jibu, kwa maana hakuna mtu aliyewahi kumrithisha moja. Macho yake yalizunguka, yakanifikia. Alisogea kwenye gogo nililokalia, akaketi karibu yangu, akainama sikioni.

"Dada," akasema, "hawa Wanyamwezi, sisi huwa tunawajibu nini?"